Namna ya Kumwandaa Mwanafunzi wa Shule ya Msingi kwa Mashindano ya Hisabati: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Moshi

Mwanafunzi anayeongoza darasa katika Hisabati si lazima afanye vizuri kwenye mashindano. Walimu wanaotoa timu Moshi kwenda kushindana na shule za Arusha wanalifahamu jambo hili: mtoto aliyezoea kupata alama 48 kati ya 50 anapewa karatasi ya maswali machache tu, anasoma la kwanza, haoni kanuni aliyofundishwa, na kalamu inasimama. Mtihani wa kawaida kwa kiasi kikubwa unapima kama mwanafunzi anaikumbuka njia aliyoonyeshwa, ilhali swali la mashindano linamtaka aitafute njia mwenyewe kwa kutumia yale yale anayoyajua. Ustadi huo wa kutafuta njia hauji kwa kuongeza wingi wa maswali. Kwa uzoefu wangu wa kukaa na wanafunzi wa Darasa la Tano hadi la Saba kwenye mazoezi ya Jumamosi, maswali matatu ambayo mtoto ameyakalia mpaka akayaelewa yana faida kubwa kuliko thelathini aliyoyapitia mbio mbio, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya msimamo huo.

Kwanza, jua mtoto amesimama wapi

Andaa maswali kumi yanayochanganya namba nzima, sehemu, desimali, asilimia, vipimo, jometri na mafumbo. Usimwekee muda, na usimwandikie alama juu ya karatasi. Akimaliza, kaa naye na umwulize kwa kila swali, hata lile alilopata: "Ulifikaje hapa?" Maelezo yake yatakueleza mengi kuliko alama yoyote ile.

Yagawe makosa yake katika mafungu manne. Kuna kosa la kutoijua kanuni, kuna kosa la kukokotoa, kuna kosa la kutolielewa swali lenyewe, na kuna hali ya kulielewa swali lakini kutojua pa kuanzia. Kila fungu lina tiba yake. Hatari kubwa ni kulichanganya fungu la tatu na la kwanza, kwa maana mwalimu huanza kufundisha upya sehemu au asilimia kwa mtoto ambaye anazijua barabara, ila hakuisoma sentensi mpaka mwisho.

Mtoto aliyeangukia fungu hilo la tatu apewe mazoezi ya kusoma kabla ya mazoezi ya kukokotoa. Mwonyeshe kwamba "angalau 5" inaihesabu 5 yenyewe, lakini "zaidi ya 5" haiihesabu. Mwonyeshe kwamba "theluthi ya machungwa yote" na "theluthi ya machungwa yaliyobaki" ni vitu viwili tofauti kabisa. Mpe maneno kama "isiyozidi", "kila baada ya", "kwa pamoja" na "tofauti kati ya", na umtake atunge swali lake mwenyewe kwa kila neno. Ulizia pia mapema karatasi ya mashindano itaandikwa kwa lugha gani, kwa kuwa mikutano ya namna hii hukusanya watoto wanaosoma kwa Kiswahili na wale wanaosoma kwa Kiingereza, na si haki mtoto akutane na istilahi ngeni kwa mara ya kwanza akiwa chumba cha mtihani.

Misingi isiyorukwa

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa yamo katika vitabu vya kiada. Mwanafunzi awe na jedwali la kuzidisha hadi 12 kichwani, afuate mpangilio wa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) bila kubabaika, ajue kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), aweze kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, azitambue namba tasa 25 zilizo chini ya 100, na asichanganye mzingo na eneo. Akiwa na pengo katika mojawapo, pengo lizibwe kabla ya jambo jingine lolote.

Neno moja tu la kuongeza ni kwamba msingi unaofundishwa kwa ajili ya mashindano uambatane na sababu yake. Chukua kanuni ya kugawanyika kwa 9, kwamba jumla ya tarakimu lazima igawanyike kwa 9. Watoto wengi wanaikariri. Wachache wanajua kwamba 400 ni 4 × 99 na inabaki 4, na kwamba 70 ni 7 × 9 na inabaki 7, hivyo kila tarakimu inaacha baki ya thamani yake yenyewe, na ndiyo maana tunajumlisha tarakimu. Mtoto anayeijua sababu hiyo akiulizwa tarakimu gani iwekwe katikati ya 4 na 7 ili namba ya tarakimu tatu igawanyike kwa 9, ataona mara moja kwamba 4 + 7 ni 11, kwamba zinahitajika 7 kufikia 18, na kwamba namba ni 477. Akiulizwa baki ya 5,682 ikigawanywa kwa 9, atasema 3 bila kugawanya, kwa kuwa 5 + 6 + 8 + 2 ni 21, na 21 ni 18 na 3. Yule aliyekariri ataweza swali la kwanza, la pili litamshinda.

Swali moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Hiki ndicho kiini cha mazoezi. Chukua swali hili:

*Mama mmoja alipeleka parachichi katika Soko la Mbuyuni. Asubuhi aliuza 2/5 ya parachichi zote. Mchana aliuza nusu ya zilizobaki. Jioni alibakiwa na parachichi 36. Alipeleka sokoni parachichi ngapi?*

Mwache mtoto alisome mara mbili, kisha afunike karatasi na akusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kusimulia, asiguse kalamu. Mtake aseme pia kinachotafutwa: ni idadi ya parachichi za mwanzo, na jibu lazima liwe namba nzima iliyo kubwa kuliko 36. Makadirio haya madogo yanamwokoa na majibu yasiyowezekana.

Sasa mwache ajaribu. Watoto wengi watajumlisha 2/5 na 1/2, wapate 9/10, waseme iliyobaki ni 1/10, na wamalize na parachichi 360. Usimwambie amekosea. Mwambie alihakikishe jibu kwa kulirudisha ndani ya hadithi: mama ana 360, anauza 2/5 asubuhi, yaani 144, zinabaki 216. Mchana anauza nusu ya hizo 216. Zinabaki 108, wala si 36. Mtoto ataligundua kosa mwenyewe, na kosa aliloligundua kwa mkono wake hatalisahau upesi.

Hapo ndipo umshauri achore. Achore mstatili mrefu na kuugawa katika visanduku vitano vilivyo sawa. Viwili akivikata kwa mistari, vinabaki vitatu. Nusu ya vitatu ni kimoja na nusu, jambo linalosumbua macho, kwa hiyo kila kisanduku akigawe mara mbili ili viwe kumi. Asubuhi vimeondoka vinne, vimebaki sita. Mchana vimeondoka vitatu, vimebaki vitatu. Visanduku vitatu ni parachichi 36, kimoja ni 12, na kumi ni 120. Ahakikishe: 2/5 ya 120 ni 48, zinabaki 72, nusu yake ni 36. Sahihi.

Watu wengi wakishafika hapa hufungua swali linalofuata. Nakuomba usifanye hivyo. Mwulize kama kuna njia nyingine, naye anaweza kurudi nyuma kutoka jioni: 36 ni nusu ya zilizokuwepo mchana, kwa hiyo zilikuwa 72, na hizo 72 ni 3/5 ya zote, hivyo 1/5 ni 24 na zote ni 120. Mwulize ni kwa nini njia mbili zimetoa jibu moja. Kisha badilisha swali: ingekuwaje kama mchana aliuza theluthi ya zilizobaki na akabakiwa na 36 zile zile? (Zinatoka 90.) Hatimaye mtake yeye atunge swali la namna hiyo lenye jibu linalotoka kwa namba nzima. Kutunga ndiko kunakomfundisha zaidi, maana atagundua kwamba hawezi kuandika namba yoyote tu. Swali moja la namna hii linaweza kuchukua dakika 40, na dakika hizo hazikupotea.

Kuna jambo la subira kwa upande wako pia. Mtoto anaponyamaza mbele ya swali, mkono wa mwalimu hutamani kushika chaki. Jizuie. Msaada wa kwanza uwe kuuliza, "Swali linataka nini?" Msaada wa pili uwe, "Umejaribu kuchora au kuorodhesha?" Msaada wa tatu uwe swali dogo linalofanana na lile kubwa. Jibu lenyewe usilitoe. Ikiwa baada ya dakika 20 bado amekwama, liwekwe kando mpaka kesho yake. Mara nyingi hurudi na wazo alilolipata njiani akienda kuchota maji au akitoka shule.

Njia za kufikiri zinazofaa kufundishwa kwa jina

Mpe kila njia jina ambalo timu yenu nzima inalitumia, ili mtoto akikwama ajiulize ni ipi hajaijaribu.

Ya kwanza ni kuorodhesha kwa mpangilio. Uliza: kwa njia ngapi unaweza kulipa shilingi 1,000 kwa kutumia sarafu za 100, 200 na 500 pekee? Mtoto asiye na mpangilio ataandika njia sita au saba, arudie mbili, na asijue kama amemaliza. Mwelekeze aanze na sarafu kubwa. Akitumia sarafu mbili za 500, njia ni moja. Akitumia moja ya 500, zinabaki shilingi 500, na anaweza kutumia sarafu za 200 mbili, moja au asitumie kabisa, hivyo njia ni 3. Asipotumia ya 500, sarafu za 200 zinaweza kuwa kuanzia 5 hadi sifuri, hivyo njia ni 6. Jumla ni 10, na sasa ana uhakika kwamba hakuna iliyosahaulika.

Ya pili ni kudhania kisha kusahihisha. Kwenye kijiwe kuna bajaji na bodaboda 17 kwa jumla, na magurudumu yake ni 41. Tudhanie zote ni bodaboda: magurudumu yangekuwa 34. Yamezidi 7, na kila bajaji inaleta gurudumu moja la ziada, kwa hiyo bajaji ni 7 na bodaboda ni 10. Mtoto wa Darasa la Tano ambaye hajafika kwenye aljebra analiweza swali hili kikamilifu, na sioni sababu ya kumharakisha kwenye herufi.

Ya tatu ni kuanza na namba ndogo. Mkulima wa Kibosho anapanda miche ya kahawa kwenye mstari wa mita 60, mche mmoja kila baada ya mita 3, kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Jibu la haraka ni 20, nalo si sahihi. Mstari wa mita 3 una miche miwili, wa mita 6 una mitatu, wa mita 9 una minne. Miche inazidi nafasi kwa mmoja, kwa hiyo ni 21. Lakini akipanda kuzunguka shamba lenye mzingo wa mita 60, mche wa mwisho unakutana na wa kwanza, na jibu linakuwa 20. Fundisha mawili haya pamoja, siku moja. Kwa njia hiyo hiyo mtoto ataweza kujumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 100: aanze na 1 hadi 10, aone kwamba 1 na 10, 2 na 9, 3 na 8 zote zinatoa 11 na jozi ni tano, yaani 55, kisha avuke hadi jozi 50 za 101, yaani 5,050.

Kuchora tumekwisha kukuona, lakini jometri inastahili mfano wake. Bustani ya mchicha ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Ndani yake, kandokando ya uzio, kumeachwa njia yenye upana wa mita 1 kuzunguka pande zote. Eneo la njia ni kiasi gani? Mtoto atakimbilia mzingo, mita 40, azidishe kwa 1, apate mita za mraba 40. Akichora na kupaka rangi ataona kwamba mraba wa kila pembe umehesabiwa mara mbili, hivyo ni lazima atoe 4 na kubaki na 36. Akitaka uhakika, atoe eneo la ndani, 10 × 6, kutoka kwenye 96.

Maswali ya saa yanahitaji uangalifu wa pekee kwa watoto wetu, kwa kuwa hesabu ya saa zetu inaanza upya saa 12 asubuhi. Kutoka saa 11:30 alfajiri hadi saa 2:15 asubuhi ni muda gani? Kutoa 11:30 kwenye 2:15 hakuwezekani, na mtoto huchanganyikiwa. Afike kwanza saa 12:00, ambazo ni dakika 30, kisha aongeze saa 2 na dakika 15, apate saa 2 na dakika 45. Au aandike kwa mtindo wa saa 24, yaani 0530 hadi 0815, na atoe. Ukitaka kuunganisha na KDS, mwulize hivi: daladala za Marangu na za Machame zinaondoka pamoja saa 12:00 asubuhi, za Marangu huondoka kila baada ya dakika 12, za Machame kila baada ya dakika 18, hadi kufikia saa 2:00 asubuhi zitakuwa zimeondoka pamoja mara ngapi? KDS ni 36, hivyo ni saa 12:00, 12:36, 1:12 na 1:48, yaani mara 4. Anayesema 3 ameisahau safari ya kwanza, kosa lile lile la miche ya kahawa.

Daftari la makosa

Kila mwanafunzi awe na daftari moja ambalo haliandikwi kitu kingine. Kila swali lililomshinda liingizwe humo kwa mpangilio huu: swali kamili, jibu lake la kwanza, mahali alipopotea, na ufumbuzi kwa maneno yake. Sehemu ya tatu ndiyo muhimu, na isiandikwe "nilikosea hesabu". Iandikwe, kwa mfano, "Nilichukua nusu ya zote badala ya nusu ya zilizobaki." Baada ya wiki moja alifanye swali hilo upya bila kuangalia, na tena baada ya mwezi. Likipita mara zote mbili, aliwekee alama na aliache.

Baada ya wiki chache, lisomeni daftari pamoja. Utaona makosa yanajirudia kwa sura moja, kama vile kusahau kubadili sentimita kuwa mita au kuhesabu nafasi badala ya nguzo. Orodha hiyo fupi ndiyo mtoto aisome usiku wa kuamkia mashindano, badala ya kufungua maswali mapya.

Ratiba ya wiki kumi

Wiki tatu za mwanzo ni za misingi na usomaji wa maswali. Wiki nne zinazofuata ni za njia za kufikiri, na kila wiki ibebe njia moja au mbili. Wiki tatu za mwisho ni za karatasi kamili zenye muda. Siku za shule dakika 40 zinatosha, baada ya mtoto kula na kupumzika kidogo. Jumamosi mnaweza kukaa saa mbili mkiwa kikundi, na Jumapili iwe ya mapumziko. Ninasisitiza jambo moja kwa wazazi: kama mtoto wa kike ndiye anayesubiriwa apike na kuosha vyombo huku kaka yake akiwa na daftari mezani, ratiba hii haitamfaa, na kosa halitakuwa lake. Kazi za nyumbani zigawanywe.

Mahali pa kupata maswali si tatizo kubwa. Mitihani ya miaka iliyopita ya Darasa la Nne na la Saba ya Baraza la Mitihani inafaa kwa misingi, lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya maswali ya Darasa la Saba ni ya kuchagua, yafunike majibu na umtake mtoto aandike njia. Kwa maswali ya kufikiri, tafuta yale ya mashindano ya Kangaroo, yaliyoanzia Ufaransa mwaka 1991 na sasa yanafanyika katika nchi nyingi. Yamepangwa kwa alama 3, 4 na 5 kulingana na ugumu, hivyo ni rahisi kujua uanzie wapi. Tafsiri moja au mbili kwa wiki, na badilisha mazingira yake yawe ya hapa.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Vifuniko vya soda vinafaa kwa kuhesabu na kupanga mifumo, kamba yenye mafundo inafaa kwa mzingo, na karatasi ya kukunja inaonyesha sehemu vizuri kuliko ubao.

Kufanya mazoezi kwa muda

Muda usiingizwe kabla ya wiki ya nane, kwa sababu mtoto anayekimbizwa mapema hujifunza kubahatisha. Ukifika wakati huo, gawanya muda mbele yake: maswali 30 kwa dakika 60 ni dakika 2 kwa swali. Mfundishe kupita karatasi mara tatu: mara ya kwanza afanye yale anayoyaona njia yake papo hapo, mara ya pili yale yanayohitaji kuchora au kuorodhesha, na mara ya tatu arudi kwenye yale magumu. Dakika tano za mwisho ziwe za kuhakikisha vizio na kuona kama amejibu kilichoulizwa. Soma naye kanuni za mashindano mapema, kwa kuwa mengine hukata alama kwa jibu lisilo sahihi na mengine hayakati, na uamuzi wa kubahatisha unategemea hilo.

Palipo na swali la kikundi, wagawane kazi kabla: mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anachora na kuandika, mmoja anahakikisha. Wabadilishane nafasi kila wiki, ili mtoto mpole asifanywe mwandishi wa kudumu wa mawazo ya wenzake.

Siku yenyewe na siku inayofuata

Kutoka Moshi hadi Arusha ni takriban kilomita 80, kwa hiyo kama mashindano yanaanza saa 3:00 asubuhi, muwe barabarani kabla ya saa 12:00. Mtoto ale chakula alichokizoea, awe na penseli mbili zilizochongwa, kifutio, rula na mkebe wa jometri, na asisome kitu kipya garini.

Akitoka, usimwulize amepata ngapi. Mwulize ni swali gani lilimpendeza, na aliandike akilikumbuka. Kama mmeruhusiwa kuondoka na karatasi, ihifadhini. Wiki inayofuata kaeni na maswali yaliyomshinda, moja kwa siku, bila saa ukutani, na yaingie katika daftari lile lile la makosa kwa mpangilio ule ule.